Vitalu ndani ya chipu: Jinsi mpaka uliochorwa vyema unavyookoa muda

ASUBUHI za Timboroa huwa za baridi kali. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya viazi na misitu, na magari yatokayo Nakuru kuelekea Eldoret hupita mjini humo yakiwa yamewasha taa.

Mji huo mdogo una sifa moja inayojulikana na wasafiri wa zamani: stesheni yake ya reli imejengwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, miongoni mwa stesheni zilizo juu zaidi barani Afrika.

Wapimaji waliopitisha njia hiyo ya reli, kabla ya gari-moshi kufika Eldoret mwaka 1924, walilazimika kuamua mapema reli ipande wapi, ipinde wapi na stesheni ziwe wapi. Mengine yote yalifuata baadaye. Mwenye duka hakuhamishiwa reli. Yeye ndiye aliyeifuata.

Kazi ya namna hiyo hiyo hufanywa leo na wahandisi wa elektroniki, ila shamba wanalolipima halizidi ukubwa wa ukucha. Shamba hilo ni chipu ya mantiki inayoweza kupangwa upya, ijulikanayo duniani kwa herufi FPGA. Kazi yenyewe ni kuchora mipaka ya vitalu: kuamua sehemu ipi ya saketi ikae katika eneo lipi la chipu.

Ni kazi isiyotajwa mara nyingi, ilhali kufaulu au kuanguka kwa mtambo mzima huweza kuitegemea.

Chipu isiyokuwa na kazi maalumu

Chipu nyingi zilizomo ndani ya simu, redio na magari huzaliwa zikiwa na kazi moja isiyobadilika. Ikitoka kiwandani, haibadiliki tena. FPGA ni tofauti. Hutoka kiwandani ikiwa tupu, mfano wa shamba lililopimwa barabara na kuwekwa mabomba ya maji lakini halijajengwa hata kibanda. Mnunuzi ndiye anayeamua litakuwa nini.

Kampuni ya Xilinx, iliyoanzishwa California nchini Marekani mwaka 1984, ndiyo iliyouza chipu ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1985. Mmoja wa waasisi wake, Ross Freeman, ndiye anayetajwa kuwa mvumbuzi wake. Chipu hiyo, XC2064, ilikuwa na matofali ya mantiki 64 tu. Mwaka huo huo wa 1984 ndipo Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa karibu na Eldoret.

Tangu wakati huo chipu hizo zimekua kupita kiasi. Xilinx yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya AMD mwaka 2022.

Chukulia chipu ndogo ya familia ya Artix-7, iitwayo 35T, ambayo hutumiwa sana katika bodi za wanafunzi. Ndani yake mna vipande 5,200 vya mantiki. Kila kipande kina majedwali madogo manne na rejista nane.

Jedwali dogo ni kijisehemu kinachohifadhi majibu: kikipewa ishara za kuingia, hutoa jibu lililoandikwa humo na mhandisi. Rejista ni kijisehemu kinachoshika jibu hilo hadi pigo lijalo la saa. Aidha, chipu hiyo ina masanduku 50 ya kumbukumbu na vizidishi 90, yaani saketi zilizojengwa tayari kwa ajili ya kuzidisha namba kwa kasi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vitu hivi vyote vimekwisha kupangwa kwenye chipu kwa safu zilizosimama wima. Safu kadhaa za vipande vya mantiki hufuatwa na safu ya kumbukumbu, kisha vipande tena, kisha safu ya vizidishi. Kati ya safu hizo hupita maelfu ya nyaya, zikiunganishwa kwa swichi.

Mhandisi hawezi kuhamisha safu hata moja. Kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua atumie kipi na kilicho wapi. Reli imekwisha kutandikwa. Yeye anatafuta pa kujenga duka.

Nani hupanga?

Kwa kawaida mhandisi hapangi kila kitu kwa mkono. Huandika maelezo ya saketi kwa lugha maalumu, kisha programu ya tarakilishi huyageuza maelezo hayo kuwa majedwali na rejista. Baada ya hapo programu huzipa sehemu hizo makao ndani ya chipu, na mwishowe huziunganisha kwa nyaya.

Hatua ya kutoa makao ndiyo ngumu zaidi. Sehemu zikiwa elfu 20, idadi ya njia za kuzipanga ni kubwa kiasi kwamba hakuna tarakilishi iwezayo kuzijaribu zote.

Kwa hiyo programu hutumia mbinu za kukadiria. Mojawapo, iliyoelezwa na watafiti wa kampuni ya IBM mwaka 1983, ilitokana na kazi ya mhunzi. Chuma kikipashwa moto kisha kikaachwa kipoe polepole, chembe zake hupata nafasi ya kujipanga vizuri. Vivyo hivyo, programu huanza kwa kubadilishana makao ya sehemu ovyo ovyo, kisha hupunguza ukali wa mabadiliko hayo kidogo kidogo mpaka mpangilio utulie.

Programu za leo zimeongeza hesabu nyingine juu ya mbinu hiyo, na mara nyingi hufanya kazi nzuri kuliko mkono wa binadamu.

Hata hivyo, programu haijui kila anachokijua mhandisi. Huona maelfu ya nyaya, lakini haioni kwamba kundi hili ni kichujio cha picha na lile ni mtuma amri, wala haijui kwamba mwezi ujao kichujio kitaongezwa ukubwa. Hapo ndipo mipaka ya vitalu inapohitajika. Mhandisi huiambia programu: sehemu hizi zote zikae ndani ya pembe nne hii, pangilia upendavyo, lakini usivuke mpaka.

Umbali ni muda

Ili kufahamu faida ya mpaka huo, ni lazima kwanza kufahamu saa ya chipu.

Kila kitu ndani ya FPGA huenda kwa mapigo ya saa. Saa ikipiga mara milioni 200 kwa sekunde, basi kutoka pigo moja hadi jingine ni nanosekunde tano tu, yaani sehemu tano za bilioni ya sekunde. Katika muda huo ishara ni lazima itoke katika rejista moja, ipite kwenye majedwali, isafiri juu ya nyaya na kufika katika rejista nyingine kabla ya pigo lijalo.

Nuru hewani husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Msomaji anaweza kudhani kwamba ndani ya chipu ya ukubwa wa ukucha hakuna umbali wa kuogopwa. Dhana hiyo ni kosa. Nyaya za ndani ya chipu ni nyembamba mno na zina ukinzani mkubwa, na kila swichi inayopitwa huongeza ucheleweshaji. Katika saketi nyingi, ishara hutumia muda mwingi zaidi njiani kuliko ndani ya majedwali yanayofanya hesabu.

Chukulia njia moja inayohitaji nanosekunde 1.9 za hesabu na nanosekunde 3.6 za safari. Jumla ni 5.5, ilhali muda uliotolewa ni nanosekunde 5. Kuna upungufu wa nusu nanosekunde. Sehemu hizo mbili zikisogezwa karibu hata safari ikawa nanosekunde 2.4, jumla huwa 4.3, na upungufu hugeuka kuwa akiba ya 0.7. Hakuna hesabu iliyobadilika. Kilichobadilika ni umbali peke yake.

Saketi moja huwa na njia nyingi kama hizo, maelfu kwa maelfu. Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu. Njia moja tu ikichelewa, chipu nzima haiwezi kutegemewa kwa kasi iliyokusudiwa.

Baridi ya Timboroa na joto la Mombasa

Hatari kubwa ya njia inayochelewa ni kwamba mara nyingi haijitangazi.

Chukulia mashine ya kuchagua viazi. Mashine za kuchagua mazao kwa kamera hutumika duniani kote kwa nafaka, kahawa na mboga, na nyingi huwa na FPGA ndani yake kwa sababu uamuzi hutakiwa upesi. Viazi hupita juu ya mkanda uendao mita mbili kwa sekunde. Kamera huvipiga picha, chipu huamua kipi kibovu, na pumzi ya hewa hukisukuma nje. Chipu ikichelewa kwa sehemu kumi za elfu ya sekunde, kiazi kimekwisha kusogea sentimita mbili, na pumzi hiyo huenda ikampiga jirani yake.

Mhandisi akiijaribu mashine hiyo Timboroa asubuhi ya baridi, huenda ikafanya kazi bila dosari, hata kama ripoti ya programu inasema kuna njia inayopungukiwa na muda. Sababu ni kwamba ripoti hukadiria hali mbaya kabisa: chipu iliyo dhaifu katika kundi lake, umeme ulioshuka kidogo na joto kali. Chipu iliyo mezani siku hiyo haimo katika hali hizo.

Mashine hiyo hiyo ikipelekwa Mombasa na kuwekwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, mambo hubadilika. Kwa kawaida joto huzipunguzia kasi transista na nyaya. Ile nusu nanosekunde iliyopuuzwa sasa hudai haki yake. Rejista hushika jibu kabla halijatimia, na mashine huanza kutupa viazi vizuri na kupitisha vibovu. Tena haifanyi hivyo kila mara. Huharibika saa nane mchana na kupona jioni. Fundi akiitwa usiku haoni kosa lolote.

Isitoshe, katika baadhi ya chipu za kisasa zinazotumia umeme mdogo, baridi nayo huweza kupunguza kasi. Ndiyo maana programu hupima pande zote mbili. Chipu za matumizi ya kawaida huidhinishwa kwa joto la ndani la kati ya nyuzi 0 na 85 za Selsiasi, na zile za viwandani kati ya 40 chini ya sufuri na 100.

Ahadi hiyo ya mtengenezaji humfaa tu yule ambaye saketi yake imetimiza masharti ya muda katika ripoti. Jaribio la mezani peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Namna ya kuchora kitalu

Hatua ya kwanza si kuchora. Ni kuiacha programu ipange yenyewe bila mipaka yoyote, kisha kuisoma ripoti. Huenda hakuna upungufu, na hapo kitalu hakina kazi ya kufanya. Ukiwapo, mhandisi hutazama njia zinazochelewa zinaanzia wapi na kuishia wapi, na ni kiasi gani cha muda kinachopotelea njiani.

Njia inayochelewa kwa sababu ina majedwali kumi yaliyofuatana haitaponywa na kitalu. Dawa yake ni kuigawa hesabu yenyewe, kama wafanyavyo wanariadha katika mbio za kupokezana vijiti: mahali ambapo mtu mmoja angeishiwa na pumzi, wanne hugawana umbali. Rejista ikiwekwa katikati ya njia, nusu ya kazi hufanywa katika pigo moja na nusu nyingine katika pigo lifuatalo. Jibu huchelewa kwa pigo moja, lakini kila mkimbiaji hufika kwa wakati.

Kitalu huponya ugonjwa mwingine: sehemu zinazozungumza sana lakini zimetawanyika. Katika ile mashine ya viazi, yaweza kuonekana kwamba nusu ya kichujio cha picha imewekwa kaskazini mwa chipu na nusu nyingine kusini, kwa sababu programu ilivutwa huku na huku na nyaya za sehemu nyingine.

Hatua ya pili ni kuhesabu mahitaji. Chukulia kwamba kichujio kinahitaji majedwali 2,400, vizidishi 16 na masanduku sita ya kumbukumbu. Kwa kuwa kila kipande kina majedwali manne, vipande 600 vingetosha iwapo vingejazwa vyote.

Lakini mwenye busara hajazi. Kitalu kilichojaa ni kama kijiji kisicho na vichochoro. Nyaya hukosa pa kupita na zile zinazobaki huzunguka mbali. Robo ya nafasi ikiachwa wazi, hitaji huwa vipande 800.

Hatua ya tatu ni kulingana na ardhi. Chipu ya familia hiyo imegawanywa katika kanda za saa, na kila ukanda una kimo cha matofali 50. Ndani ya ukanda mmoja, safu moja ya vizidishi ina vizidishi 20 na safu moja ya kumbukumbu ina masanduku 10. Kwa hiyo pembe nne yenye safu 16 za vipande kwa kimo cha 50 hutoa vipande 800 kamili. Ikikumbatia pia safu moja ya vizidishi na moja ya kumbukumbu, kichujio kizima hupata makao ndani ya ukanda mmoja, na akiba hubaki katika kila aina.

Mpaka uliochorwa bila kutazama safu hizo huweza kuwa na vipande tele lakini ukakosa hata kizidishi kimoja. Programu hapo hukataa kuendelea. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza, sawa na kumgawia mkulima ekari kumi zisizo na njia ya maji.

Hatua ya nne ni kutazama milango. Ishara za kamera huingia kupitia pini zilizo upande fulani wa chipu, na pini hizo haziwezi kuhama baada ya bodi kutengenezwa. Mpokea picha basi hupewa kitalu karibu na pini hizo, kichujio hufuata, kisha mwamuzi, kisha mtuma amri karibu na pini za kutokea. Habari hutiririka upande mmoja kama maji ya mfereji, bila kurudi nyuma. Pale zinapovuka kutoka kitalu hadi kitalu, huwekwa rejista mpakani ili safari ya mvuko iwe na pigo lake yenyewe.

Hatua ya mwisho ni kuirudia kazi na kulinganisha. Mpaka usiopunguza upungufu hufutwa bila huruma.

Masharti ya mpaka

Mipaka yenyewe haifanani kwa ukali. Katika programu ya Vivado ya chipu za Xilinx na ile ya Quartus ya chipu za Altera, mhandisi anaweza kuamua kama kitalu ni cha wenyewe tu au kama wageni wanaruhusiwa kupanga humo nafasi ikibaki. Anaweza pia kuamua kama nyaya za wenyeji ni lazima zibaki ndani au zinaweza kupita nje na kurudi.

Mpaka mwepesi ndio unaofaa kwa kazi nyingi. Wenyeji hukaa ndani, wageni huingia panapobaki wazi, na nyaya hupita popote. Mpaka mkali hupoteza nafasi, kwa hiyo huhitaji sababu nzito.

Sababu hizo zipo. Ya kwanza ni pale sehemu moja ya chipu inapotakiwa kubadilishwa ilhali nyingine inaendelea na kazi. Mashine ya viazi, mathalani, ingeweza kupewa kichujio kipya cha karoti bila kuizima kamera. Hapo kitalu huwa ni sharti, kwa maana programu ni lazima ijue kwa yakini eneo litakalofutwa na lile lisiloguswa.

Ya pili ni usalama. Katika mitambo inayolinda siri au uhai, sehemu mbili zinazofanya kazi moja hutenganishwa kwa uwanda mtupu baina yao ili hitilafu ya moja isiambukize ya pili.

Ya tatu ni chipu kubwa zilizoundwa kwa vipande kadhaa vya silikoni vilivyopangwa bega kwa bega. Virtex-7 2000T ya mwaka 2011 ilikuwa na vipande vinne vya namna hiyo. Kuvuka kutoka kipande hadi kipande huchukua muda zaidi, na idadi ya madaraja ina kikomo. Mhandisi asiyepanga mapema sehemu ipi ikae ng'ambo ipi hujikuta amejenga sokoni upande huu na ghala upande wa pili wa mto.

Madhara ya kukaza mno

Kuna kishawishi cha kuchora vitalu vingi na kubana kila kitu. Ni kishawishi chenye hasara. Kila mpaka huinyima programu uhuru wa kutafuta, na mara nyingi saketi iliyobanwa kila upande huwa ya polepole kuliko iliyoachwa huru.

Aidha, mpaka huzeeka. Saketi ikibadilika, kitalu kilichofaa mwaka jana huwa kikwazo mwaka huu, na mhandisi mgeni asiyejua kilichorwa kwa nini huogopa kukigusa. Ndiyo sababu timu zenye nidhamu huandika kando ya kila kitalu lengo lake, tarehe yake na kiasi cha muda kilichookolewa.

Wenye uzoefu huanza na kitalu kimoja au viwili kwa sehemu zenye shida tu. Zilizobaki huachwa mikononi mwa programu.

Kutoka jangwa la Karoo hadi Bonde la Ufa

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, ujuzi huu si wa mbali kama unavyoonekana.

Wahandisi wa Afrika Kusini walishirikiana na kundi la CASPER la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuunda bodi ya FPGA iliyopewa jina ROACH. Bodi hizo zilitumika katika darubini ya redio ya KAT-7, iliyotangulia MeerKAT. MeerKAT yenyewe, yenye sahani 64 za upana wa mita 13.5 kila moja, ilizinduliwa Julai 13, 2018 katika eneo kame la Karoo, nayo pia ilitegemea bodi za FPGA kuchambua ishara za anga.

Uchambuzi wa namna hiyo ni mfano halisi wa saketi inayohitaji mpangilio. Ishara kutoka kila sahani hugawanywa katika maelfu ya mawimbi, kisha hulinganishwa na za sahani nyingine. Vizidishi na kumbukumbu hutumika kwa wingi, safu baada ya safu, na saa hukimbizwa kadiri inavyowezekana. Chipu iliyojaa hivyo huwa haina nafasi ya kusamehe uzembe wa umbali.

Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi wa darubini hiyo, SKA, ambao ujenzi wake ulianza Desemba 2022.

Fauka ya hayo, FPGA ina fadhila ambayo tawi jingine la tasnia ya chipu halina. Kiwanda cha kisasa cha kutengeneza chipu hugharimu mabilioni ya dola. Kuipanga chipu iliyokwisha kutengenezwa huhitaji tarakilishi, bodi ndogo na subira. Kampuni zinazoziuza hutoa bure programu za kupangia chipu zao ndogo, na hata asiye na bodi anaweza kuandika saketi, kuchora vitalu na kusoma ripoti ya muda bila kununua chochote.

Kijana aliyeketi Timboroa, blanketi mabegani na umeme ukiwapo, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiwango kile kile cha mwenzake wa California. Ripoti ya muda haiulizi mtu ametoka wapi. Huonyesha akiba au upungufu, basi.

Kinachotakiwa ni mazoea ya kupima kabla ya kujenga: kuiheshimu ardhi kama ilivyo, kuwaweka karibu wanaosemezana, kuacha vichochoro, na kutoweka mpaka pasipo sababu. Saketi iliyopangwa hivyo ikifaulu katika baridi ya Timboroa, itafaulu pia katika joto la Mombasa, na mkulima aliyeleta viazi vyake hatatupiwa kizuri hata kimoja kwa kosa la waya uliozunguka mno.